Kufundisha Uchaguzi wa Kipozeo cha Injini za Malori

Katika somo la magari ziko mada ambazo mwalimu huzimaliza kwa sentensi moja, kwa kuziona ndogo. Uchaguzi wa kipozeo cha injini, au kulanti kama waitavyo mafundi wetu, ni mojawapo. Mwalimu huandika ubaoni, "Tumia kulanti inayofaa," wanachuo hunakili, na kipindi huendelea na pampu ya maji. Tumeona afadhali tuwaeleze walimu wenzetu jinsi tunavyoifundisha mada hiyo chuoni petu.

Wanachuo wetu, ambao baadhi yao wamewahi kuwa utingo, huja na elimu yao. Wao huijua kulanti kwa rangi: ya kijani ni ya magari ya Kijapani, nyekundu ni ya magari ya Ulaya, tena nyekundu hudumu zaidi. Hatuwacheki, maana hata wauzaji wa vipuri husema hivyo. Lakini rangi hutiwa na mtengenezaji kwa hiari yake, wala hakuna kanuni inayomlazimisha kufuata rangi ya mwenzake.

Badala ya kuwaambia hayo moja kwa moja, sisi huweka mezani slivu, yaani lile bomba la chuma ambamo pistoni hupanda na kushuka. Slivu hiyo tulipewa na mwenye lori mmoja aliyekuwa akisafirisha mahindi. Maji yalikuwa yamepenya ndani ya silinda na kuingia katika oili, na gharama ya kuifufua injini ilimlazimu auze shamba. Lori lilikuwa hilo moja tu.

Wanachuo huanza kuikagua kwa ndani, nako hawaoni kitu. Kwa nje huona vishimo vidogo vilivyosongamana katika mstari, kama mahindi yaliyotobolewa na dumuzi, na kimojawapo kimepenya hadi ndani. "Kutu," husema kwa pamoja. Nasi huuliza: Kama ni kutu, mbona imekula upande huu na kuacha sehemu nyingine? Darasa hunyamaza. Mwalimu asiogope ukimya huo, wala asiharakishe kuuvunja.

Slivu ya namna hii huguswa na maji moja kwa moja. Dizeli inapowaka, pistoni huusukuma ukuta wa slivu kwa nguvu, na ukuta hutetemeka. Kila unapojivuta kutoka kwenye maji, viputo vidogo vya mvuke hutokea. Unaporudi, viputo hivyo hupasuka juu ya chuma na kukimega kidogo kidogo. Nitriti iliyomo katika kulanti ya malori hutandaza utando mwembamba juu ya chuma, ambao hupokea pigo hilo na kujijenga tena. Gari dogo la petroli kwa kawaida halina slivu ya namna hiyo, na kwa hiyo kulanti yake huenda isiwe na kinga hiyo. Ndiyo maana viwango vya ASTM vya Marekani hutenganisha D3306, ya magari mepesi, na D6210, ya injini nzito. Ziko pia kulanti za asidi za kikaboni, nyingine zisizo na nitriti kabisa, zinazokubaliwa na baadhi ya watengenezaji wa injini. Neno la mwisho basi ni la kitabu cha injini.

Daima hutokea mmoja akauliza: Sisi hatuna theluji, glaikoli ya nini? Swali hili hutufurahisha. Mchanganyiko wa nusu glaikoli na nusu maji huchemka kwenye nyuzi 107 hivi. Maji matupu, katika sufuria iliyo wazi pale Mbeya, kwenye mwinuko wa karibu meta 1,700, huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Lori lililopanda Kitonga na shehena, likiwa na kifuniko cha rejeta kisichoshika shinikizo, halina nafasi kubwa ya kupumua. Haki itendeke, hata hivyo: maji hubeba joto vizuri kuliko glaikoli, hivyo kuzidisha glaikoli si ustadi. Tena ni sumu yenye ladha tamu. Isiwekwe kamwe katika chupa ya soda.

Zoezi la mwisho ni hili. Kila kundi hupewa maandishi ya vibandiko vinne vya madebe, tuliyoyanakili kwa mkono bila kutaja rangi, pamoja na ukurasa mmoja wa kitabu cha injini. Huchagua, kisha hujitetea mbele ya darasa. Hueleza pia dereva ataongeza nini safarini, maana maji ya mtoni hupunguza kinga, na maji magumu huacha magaga ndani ya injini. Muhula uliopita kundi moja lilikataa vibandiko vyote vinne, kwa kuwa hakuna kilichotaja kiwango kilichodaiwa na kitabu. Tuliwapa alama zote.