Mshahara Wangu Ulinitangulia Nyumbani

Kwa miaka tisa mke wangu aliamini kuwa mshahara wangu ni shilingi 45,000. Sikula kiapo wala sikumwandikia popote. Nilimwambia mara moja tu, wiki ya pili baada ya harusi, naye akanisadiki. Kila mwezi uliopita, uongo ule ukawa mgumu zaidi kuurekebisha. Waliosema siri ya mtungi aijuaye kata walinena kweli, ila walisahau kwamba siku hizi kata ina simu.

Nilikuwa nimeajiriwa na shirika moja la umma la nishati, ambalo sina haja ya kulitaja hapa. Ofisi yetu ilikuwa Mombasa na nyumba yangu Msambweni, kwa hiyo nikivuka Likoni alfajiri na kurudi usiku. Sikuwa mtu wa kukata wala kurudisha umeme, lakini kwa watu wa kwetu mashirika yote ya nishati ni kitu kimoja. Mimi nilikuwa "mtu wa stima", basi.

Mwaka 2019 kulizuka mvutano kazini kuhusu nyongeza ya mishahara. Katika mvutano huo, mtu ambaye hadi leo hatumjui aliipiga picha karatasi ya viwango vyetu vya mishahara, ngazi kwa ngazi, akaisambaza. Jina langu halikuwemo. Cheo changu kilikuwemo, na kando yake tarakimu: 214,000. Ilikuwa Alhamisi. Niliposhuka Ukunda jioni kununua mkate, makanga mmoja aliyenijua akaniita kwa sauti, "Karibu, laki mbili!" Nilidhani amenifananisha na mtu.

Nyumbani nilimkuta mke wangu akikanda unga wa mahamri. Msomaji, sharti nieleze habari ya mahamri haya. Mama huyu alikuwa akiamka saa kumi alfajiri, siku sita kwa wiki, kuyachoma na kuyauza kando ya barabara pamoja na mbaazi. Pesa zile ndizo zilizonunua daftari za watoto, sabuni, na mara nyingi tokeni za stima za shilingi mia, mia. Naam, mtu wa stima alikuwa akinunuliwa tokeni na mkewe.

Alifuta mikono, akanionyesha simu. Jirani ndiye aliyemtumia.

"Baba, hii ni kweli?"

Nikaanza kumweleza kuwa ile ni jumla kabla ya makato.

"Sikuuliza makato. Nimeuliza kama ni kweli."

"Ni kweli."

Akarudi kwenye unga wake. Sikusikia kelele wala kilio, na ningefurahi kama ningesikia. Tulipokuwa tumekwisha kulala, taa zimezimwa, akasema, "Miaka tisa nimekuwa nikikuonea huruma." Hakuongeza neno.

Kesho yake Ijumaa, tulipotoka msikitini, mzee mmoja mkulima wa minazi alinishika mkono akanipeleka kivulini. Mzee huyo alivuta stima nyumbani kwake wakati ambapo ada ya kuunganishiwa ilikuwa shilingi 35,000, kabla ya serikali kuishusha hadi 15,000 mwaka 2015. Aliuza ng'ombe. Akaniuliza kwa upole kabisa, "Mwanangu, ng'ombe wangu ulikula wewe?" Nilicheka, naye akacheka, lakini nilijua hakuwa anatania. Stima ilikuwa imepotea usiku ule na ikarudi alfajiri, na bili haikupungua kwa sababu hiyo.

Nilikasirika sana na yule aliyeisambaza karatasi. Nikasema ametuvua nguo hadharani. Baadaye hasira ikapoa, nikajiuliza nguo zile zilinunuliwa na nani. Rais wa nchi mshahara wake hutangazwa katika gazeti rasmi la serikali. Mwaka 2017 Tume ya Mishahara na Marupurupu ilitangaza kuushusha kutoka shilingi milioni 1.65 hadi milioni 1.44 kwa mwezi, na wa wabunge kutoka 710,000 hadi 621,250, na kila mwananchi akasoma. Lakini Katiba ya mwaka 2010 inaipa tume hiyo kazi ya kupanga mishahara ya maafisa wa dola tu. Kwa sisi wengine katika utumishi wa umma, inashauri. Ndiyo sababu aliye Msambweni anaweza kujua mshahara wa rais asijue wa mtu anayepanda naye matatu moja.

Kuna waliolimaliza jambo hili kwa sheria. Mkoa wa Ontario, huko Kanada, tangu mwaka 1996 huchapisha kila mwaka majina, vyeo na malipo ya watumishi wa umma wanaopata dola 100,000 na zaidi. Na nani huonekana kileleni? Watu wa stima! Katika orodha ya mwaka 2023, aliyeongoza wote ni mkuu wa Ontario Power Generation, shirika la umma la kuzalisha umeme, aliyelipwa zaidi ya dola milioni 1.9. Wananchi hulalamika, magazeti huandika, na mwaka unaofuata orodha hutoka tena. Norwei nako mapato ya kila mlipa kodi yanaweza kutazamwa, ila tangu mwaka 2014 ukimchungulia jirani yako, naye anaweza kujua kuwa umemchungulia. Sheria hiyo ingefaa sana Ukunda.

Hata hivyo, orodha haisemi yote. Katika ile 214,000, kodi ilichukua zaidi ya 50,000. Ikafuata bima, pensheni, kisha mkopo wa chama cha akiba na mikopo. Sheria ya kazi ya mwaka 2007 inakataza makato yapite theluthi mbili ya mshahara, na mimi sikuwa mbali na mpaka huo. Nilikuwa nikibeba nyumbani kama 83,000.

Nilijikinga na hesabu hiyo kwa wiki nzima. Niliieleza kazini, nikaieleza barazani, nikamweleza dada yangu. Yeye alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Na ile nyingine?" Maana 83,000 ukitoa 45,000 hubaki 38,000 kila mwezi, na hizo sikukatwa na mtu.

Sehemu yake najua ilikokwenda. Sisi Wadigo, mjomba si mtu wa salamu tu. Watoto wa dada ni wake pia, na wawili kati yao niliwalipia chuo. Mama yangu nilimtumia. Hayo nisingeona haya kuyasema, lakini sikuyasema, kwa kuhofia kuwa mke wangu angejua zilikotoka. Na ule mkopo ulikuwa wa matatu niliyoinunua kwa siri ifanye safari za Likoni na Lunga Lunga. Haikumaliza mwaka. Injini ilikufa, gari likauzwa vyuma, deni likabaki. Kila mwezi nililipia gari ambalo mke wangu hajawahi kuliona. Zilizobaki zilikwenda kama zinavyokwenda pesa za mwanamume ambaye hakuna anayemuuliza.

Jumapili ya pili nilileta hati yangu ya mshahara, si picha bali karatasi yenyewe, nikaiweka mezani. Aliisoma mstari kwa mstari kwa penseli ya mtoto. Kodi aliipita. Pensheni akaiwekea alama ndogo. Alipofika kwenye mkopo akaizungushia duara.

"Hii ni nini?"

Nikamwambia habari ya matatu. Ilichukua muda. Aliuliza rangi yake, na jina lililoandikwa kioo cha nyuma, nami nikamjibu. Kisha akauliza deni litakwisha lini. Miezi 14, nikasema. Akainuka, akaandika tarehe ukutani kwa penseli ile ile, kando ya mita ya tokeni.

Tangu mwezi huo hati hufika mezani kabla sijavua viatu, na hata baada ya kustaafu, karatasi ya pensheni hupitia hapo hapo. Mahamri hakuyaacha. Ila pesa zake hazinunui tena tokeni, na mimi sijawahi kumuuliza kwa siku anapata ngapi.