Oili ya breki imekwenda wapi?

Jamani, ile taa nyekundu ya breki kwenye dashibodi si pambo! Kigari cha mtumba cha kaka yangu kiliiwasha wiki tuliyopanga kumpeleka mama Iringa. Hendibreki ilikuwa chini. Kaka akafungua boneti, akakuta oili ya breki imeshuka, akaongeza, taa ikazima. "Safari ipo!" Nikamwambia, braza, na mteremko wa Kitonga wakati wa kurudi je?

Unajua, oili ikipungua taratibu kwa miezi, mara nyingi ni pedi zinalika. Hii ilishuka tena baada ya siku mbili. Hapo inavuja, asikudanganye mtu.

Tukachungulia matairi kwa ndani, makavu. Mipira ya breki, mikavu. Chini ya gari hakuna hata tone. Kaka akaanza kunicheka. Fundi ndiye aliyelegeza masta silinda, na nyuma yake kumelowa chapachapa: oili ilikuwa ikiingia kwenye busta kimya kimya. Ungeiona wapi?

Ikawekwa mpya, breki zikatolewa upepo, pedali ikakaza. Kaka akataka kulalamikia bei. Mama akamtazama tu.