Junju, Chini ya Njia ya Ndege

Junju ni kata ya mashamba katika nchi ya Kilifi, upande wa bara wa barabara kuu itokayo Mombasa kwenda Malindi. Wenyeji wake wengi ni Wachonyi na Wagiriama, nao hulima mahindi na mihogo, na kuvuna nazi, korosho na maembe. Mkulima aliyeinama kupalilia husikia pengine mvumo juu ya minazi, akainua macho, na kabla hajafuta jasho eropleni imekwisha kupita.

Kutoka kiwanja cha ndege cha Moi, Mombasa, mpaka kile cha Malindi, ni kilomita 105 hivi kwa mstari ulionyoka, yaani maili 57 za baharini, ambazo ndizo wanazohesabia marubani. Mstari huo hupita karibu na Junju, safari ikiwa imefika kama robo. Ndege iendayo kilomita 300 kwa saa huumaliza mwendo huo kwa dakika 21. Na zikiongezwa dakika za kupaa na kushuka, ni kama nusu saa.

Watu wa zamani walikwenda vingine. Mwaka 1498 Vasco da Gama alitweka tanga Mombasa tarehe 13 Aprili, akatia nanga Malindi siku ya pili yake. Hata baada ya kuja motokaa, msafiri alizuiwa na hori za bahari. Pale Kilifi alingoja feri, mpaka daraja lilipofunguliwa mwaka 1991.

Na awe mtu wa Junju aliyeletewa habari kwamba nduguye amelazwa Nairobi, naye anataka kumwona kabla hajapasuliwa. Aende kiwanja gani? Kwa njia ya anga, Mombasa mpaka Nairobi ni kilomita 422 hivi, na Malindi mpaka Nairobi ni 411 hivi. Tofauti ni ndogo mno, na kila moja ni safari ya kama saa moja. Basi anga halimchagulii. Ardhi ndiyo imchaguliayo.

Mombasa iko karibu zaidi. Lakini njia yake yavuka hori ya Mtwapa na daraja la Nyali, yakatiza kisiwa, kisha yapita Makupa na Changamwe, na magari husongamana huko asubuhi na jioni. Malindi iko mbali zaidi, ila barabara ni nyeupe zaidi, na kiwanja kiko kando yake kabla ya kuingia mjini. Hata hivyo ndege za Malindi ni chache, na aliyeachwa na moja aweza kulala pale pale.

Kwa hiyo msafiri mwenye busara huuliza kwanza saa za ndege, kisha huhesabu kurudi nyuma: muda wa kuandikishwa kiwanjani, muda wa njiani, muda wa kungoja matatu, hata hatua za kutoka mlangoni kwake mpaka barabarani. Saa moja ya angani ni ile ile kwa tajiri na kwa maskini. Zinazowatenga ni saa za ardhini. Ndege itokayo Mombasa hufika juu ya Junju kwa dakika tano au sita. Mtu wa Junju aendaye kuipanda ndege hiyo hiyo, asipojihimu mapema, aweza kumaliza asubuhi nzima njiani, na akaikuta imekwisha kuruka.