Tulivyoitayarisha Nyumba ya Magurudumu

Akina mama wenzangu, wengi wenu mmekwisha kupakia mizigo ya safari ndefu: ndoo ya chakula cha njiani, vitenge, dawa za watoto, na lile kapu ambalo baba anasema halitaingia nalo likaingia. Nami nilidhani kazi hiyo naijua. Mwaka 2022, huku Minnesota, Marekani, ninakoishi na familia yangu, niligundua kwamba siijui, na kidogo tu somo hilo lingetugharimu maisha.

Mama mkwe wangu alikuja kututembelea kutoka Iringa mwezi wa Mei. Alikuwa amewahi kuja mara moja wakati wa theluji, akarudi nyumbani akiwa ameona kuta za sebule yetu na dirisha. Safari hii mume wangu alisema mama lazima aione nchi. Lakini mama ana magoti mabovu, tena ana ugonjwa wa kisukari. Kulala chini ndani ya hema hawezi, na hoteli kwa watu sita kwa siku kumi si fedha zetu. Ndipo tukanunua tela.

Tela ninalolisema si lile la kubebea mbao. Ni nyumba ndogo yenye magurudumu inayovutwa nyuma ya gari. Wengine huiita karavani. La kwetu lilitengenezwa mwaka 2012, lina urefu wa meta sita, na ndani mna vitanda, jiko la gesi, friji, sinki, na choo chenye ukubwa wa kabati. Watoto walilipenda mara moja. Mama alilizunguka mara mbili, akainama akatazama uvunguni, kisha akauliza:

"Sasa hii, mwanangu, ni nyumba au ni gari?"

"Ni vyote viwili, mama."

"Basi mmenunua matatizo ya nyumba na matatizo ya gari."

Alisema kweli. Tukaanza na matairi. Kwa macho yalikuwa mazuri, hayakuwa vipara hata kidogo. Lakini ubavuni mwa kila tairi mna tarakimu nne zinazoonyesha lilitengenezwa lini: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Ya kwetu yaliandikwa 1412, yaani wiki ya 14 ya mwaka 2012. Miaka kumi! Tairi la tela huzeeka hata likiwa limesimama juani, na mafundi wengi hushauri libadilishwe likifika miaka mitano au sita. Fedha nilizokuwa nimeziweka kwa ajili ya mapazia na magodoro mapya zikanunua matairi manne na la akiba. Nilinuna siku moja, nikaacha.

Fundi alitia grisi kwenye beringi, akapima breki za tela, ambazo ni za umeme na zina kidude chake karibu na dereva, akakagua taa. Kwenye mabomba ya gesi mume wangu alipaka maji ya sabuni, na pale povu lilipochemka tukajua panavuja. Tukanunua pia king'ora cha kugundua hewa ya sumu ya kaboni monoksidi, ile isiyo na harufu, ambayo ndiyo huua watu waliolala na jiko la mkaa ndani. Ndugu zangu, usiku uwe wa baridi namna gani, mkaa usiingie ndani ya tela, kama usivyopaswa kuingia chumbani nyumbani.

Kwangu mimi wasiwasi mkubwa ulikuwa friji, kwa sababu ya insulini ya mama. Friji za namna hii zinazotumia gesi na umeme hazipozi vizuri tela likisimama upande, hivyo lazima uweke vibao chini ya magurudumu mpaka sakafu iwe sawa. Niliiwasha siku nzima kabla, nikaweka kipimajoto ndani. Tukiwa barabarani gesi ilifungwa, na insulini ilikaa kwenye boksi la barafu ndani ya gari, imefungwa kwa taulo isigusane na barafu, maana ikiganda imeharibika.

Baada ya hayo yote tulijiona tuko tayari. Tukaamua kufanya safari ya majaribio ya siku mbili, karibu na nyumbani. Kupakia ilikuwa zamu yangu. Nyuma kabisa, chini ya kitanda, palikuwa na nafasi kubwa, nami nikaijaza: mchele kilo 25, sembe, sufuria zote kubwa, mafuta ya kupikia, mpaka kinu na mchi, maana mama hali kisamvu cha kusagwa kwa mashine. Mume wangu naye alijaza tangi la maji, lita 150. Hakuna aliyemwuliza mwenzake.

Tulipofika barabara kuu, kwenye mwendo wa kama kilomita 100 kwa saa, lori kubwa lilitupita. Tela likasukumwa pembeni kidogo, likarudi, likaenda upande wa pili zaidi, kisha zaidi tena. Gari zima likawa linatikiswa kama mbwa anavyotikisa mkia, ila mkia ndio uliomtikisa mbwa. Watoto walipiga kelele. Namshukuru Mungu kwamba mume wangu hakukanyaga breki ya gari, alikuwa amefundishwa. Aliondoa mguu kwenye mafuta, akashika usukani umenyooka, akabana breki za tela peke yake kwa mkono. Tulisimama pembeni. Hakuna aliyesema neno kwa muda mrefu.

Kisha alisema, mbele ya watoto na mama yake, "Nani alipakia huko nyuma?"

Nikamjibu, "Na nani alijaza maji?" Sikuongea naye tena mpaka jioni.

Mama ndiye aliyetutoa hapo. Alishuka taratibu na magoti yake, akalitazama tela, akasema, "Ninyi hamjawahi kusukuma mkokoteni? Ukiupakia nyuma, mpini unainuka. Mzigo mzito hukaa mbele ya gurudumu."

Siku ya pili tulikwenda kituo cha mafuta chenye mizani ya malori, ambapo kwa malipo kidogo mtu yeyote hupimiwa. Tela pamoja na mizigo lilikuwa kilo 2,000. Sehemu ya uzito huo inayolalia gari inapaswa kuwa asilimia 10 hadi 15, yaani kilo 200 hadi 300. Ya kwetu ilikuwa kilo 120. Mchele wangu na tangi lake, ambalo nalo liko nyuma ya magurudumu, ndivyo vilivyoinua mpini. Tukamwaga maji yote isipokuwa lita 20. Mchele na sufuria vikahamia mbele. Kinu kilibaki nyumbani, na mama hakulalamika.

Tuliondoka Julai. Mama alitaka kulala kitandani ndani ya tela tukiwa njiani. Nilimkatalia, kwa heshima zote, kwa sababu mle hamna mikanda ya usalama. Tulishuka kusini hadi Albert Lea, kisha magharibi kwa barabara ya I-90 kuingia South Dakota, ambako sheria inaruhusu kilomita 130 kwa saa kwenye barabara hiyo. Sisi tulikwenda 95, na kila baada ya saa mbili tulisimama kupapasa matairi na kukaza nati. Mjini Mitchell tuliona jumba ambalo kuta zake za nje zimepambwa kwa magunzi ya mahindi ya rangi mbalimbali. La kwanza lilijengwa mwaka 1892, na hili la sasa mwaka 1921. Mama alisimama pale muda mrefu. "Mahindi yote haya," alisema, "na hakuna anayechoma hata moja."

Baada ya kuvuka mto Missouri mashamba hupungua, huanza majani na upepo. Upepo ule ulitupiga ubavuni mchana kutwa, nami nilishika mkono wa kiti, lakini tela lilifuata kama ng'ombe mtulivu. Jioni ya siku ya pili tulifika Badlands, hifadhi ya taifa tangu mwaka 1978: vilima vilivyochongwa na mvua, vyenye mistari myekundu na ya kijivu, bila mti. Moto wa kuni hauruhusiwi kule, kwa hiyo nilipika ugali nje kwenye jiko dogo la gesi. Mama alikaa kwenye kiti cha kukunja akitazama vilima vikibadilika rangi mpaka giza likaingia, chakula kikapoa mapajani mwake.

Alirudi Iringa mwezi wa Agosti. Akipiga simu siku hizi, baada ya kuuliza hali za watoto, huuliza tela limepakiwaje.