BLK JKS: Albamu Mbili, Miaka 12

Nawaandikia kutoka Johannesburg. Safari hii sitaandika habari za ada, vibali vya masomo wala kodi ya vyumba, maana hayo tunayalilia kila toleo. Leo tuzungumze muziki. Na kama umeshaanza kutikisa kichwa ukidhani ni amapiano, ngoja kwanza. Nazungumzia roki. Ndiyo, roki, yale magitaa yanayolia kama mashine ya kuchomelea vyuma. Na wanaoyapiga ni vijana weusi wa hapa hapa.

Najua mtakachosema, kwa sababu jamaa wa kikao chetu cha nyama choma cha Jumamosi wameshanimalizia yote. "Huo muziki wa wazungu." "Kasoma sana mpaka kaharibika." Sawa, cheka, lakini ukishamaliza kucheka kumbuka kwamba roki imezaliwa na bluzi, na bluzi ni ya watu weusi wa Marekani ambao babu zao walibebwa kutoka bara hili. Na hata kwetu Afrika Mashariki siyo ngeni. Dar es Salaam ya miaka ya 1970 ilikuwa na bendi ya Sunburst, waliotoa albamu ya Ave Africa mwaka 1976. Nairobi walikuwa na Black Savage, ambako alipitia Ayub Ogada kabla dunia haijamjua kwa nyatiti. Juzi juzi tu, mwaka 2020, vijana wawili wa Nairobi wanaojiita Duma walitoa albamu ya kelele za kutisha kupitia Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Kwa hiyo tusidanganyane.

Bendi ninayotaka muijue inaitwa BLK JKS, inatamkwa "Black Jacks". Ilianza mwaka 2000 na marafiki wawili wa utotoni, Lindani Buthelezi na Mpumi Mcata, waliokulia mtaa mmoja huko East Rand, mashariki ya jiji, wakajifunza gitaa wenyewe bila mwalimu. Baadaye wakajiunga nao Molefi Makananise kwenye besi na Tshepang Ramoba kwenye dramu, wote wa Soweto. Fikiria Joburg ya wakati ule. Kwaito ndiyo ilikuwa mfalme wa mtaa, na roki ilikuwa kwenye baa za vitongoji vya wazungu. Hawa wanne hawakutoshea popote. Kwa weusi walionekana wazungu, kwa wazungu walionekana kioja. Walipiga hivyo hivyo kwa miaka karibu minane kabla mtu wa nje hajawasikia.

Mlango ulifunguka pale Diplo, mtayarishaji wa muziki wa Marekani, alipowasikia huku. Mwaka 2008 wakatokea kwenye jalada la jarida la The Fader la New York, kabla hawajawa na albamu hata moja. Mwaka 2009 wakatoa rekodi fupi ya nyimbo nne, Mystery, iliyorekodiwa Electric Lady, ile studio ya New York aliyoijenga Jimi Hendrix. Mwaka huo huo ikafuata albamu kamili, After Robots, chini ya kampuni ya Secretly Canadian, ikatayarishwa na Brandon Curtis wa bendi ya Secret Machines.

After Robots ina nyimbo tisa. Ukiisikiliza mara ya kwanza unaweza kudhani redio imeshika stesheni tatu kwa pamoja. Kuna roki, kuna rege yenye mwangwi, kuna jazi, kuna ule mwendo wa gitaa la Kizulu. Wimbo wa kwanza, Molalatladi, jina lake kwa Kisotho cha Kaskazini ni upinde wa mvua, na tarumbeta zake zimepigwa na Hypnotic Brass Ensemble wa Chicago. Wa mwisho, Tselane, umechukua jina la binti wa kwenye hadithi za Kisotho, yule aliyedanganywa na zimwi lililoiga sauti ya mama yake. Si mnaona? Hadithi za bibi zile zile tulizolala nazo sisi, na huku zimo kwenye roki.

Mimi ni mtu wa umeme, kwa hiyo huwa nasikiliza kama fundi. Sikio langu linamfuata Ramoba. Yule bwana hapigi dramu kutunza muda tu kama saa ya ukutani. Anapiga mwendo wake, gitaa linapita na mwendo mwingine, besi inakaa katikati kuwasuluhisha. Kila mara unasema sasa wataachana, na hawaachani. Muulize yeyote aliyecheza ngoma za kwetu atakwambia jambo hilo siyo geni: ngoma tatu, kila moja na lake, na mchezaji anajua mguu uangukie wapi.

Tarehe 10 Juni 2010, usiku wa kuamkia Kombe la Dunia, palikuwa na tamasha kubwa Orlando Stadium, Soweto. Nilikuwa na miaka 15, niko Morogoro, na kwa jirani yetu mwenye televisheni kubwa tulijazana kama dagaa. Kila mtu alikuwa akimsubiri Shakira. BLK JKS walipanda jukwaa hilo hilo, na kwangu mimi ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kujua kwamba kijana mweusi anaweza kushika gitaa namna ile. Mwaka huo wakatoa na rekodi nyingine fupi, Zol. Ungedhani sasa wamefika. Lakini baada ya hapo, kimya.

Kimya hicho ndicho kilichonifanya niandike. Miaka michache baada ya After Robots, Buthelezi, ambaye sauti yake ndiyo ilikuwa sura ya bendi, akaondoka. Waliobaki wakatawanyika kwenye shughuli zao. Mcata akatengeneza filamu, Black President, ya mwaka 2015, kuhusu msanii wa Zimbabwe Kudzanai Chiurai. Ramoba akawa anatayarisha muziki wa wengine. Desemba 2014 walionekana wakifungua maonyesho ya Foo Fighters walipokuja Afrika Kusini, halafu tena kimya. Albamu hakuna. Watu wakaanza kuwazungumzia kwa wakati uliopita, kama unavyomzungumzia marehemu.

Kumbe walikuwa wanarekodi. Walifanya kazi ya muda mrefu, na ilipokaribia kuiva, wezi wakavunja studio na kubeba diski za kompyuta zenye muziki wote. Hebu jiweke mahali pao. Mwimbaji ameondoka, muongo umekatika, na sasa hata ulichokuwa nacho kimekwenda kuuzwa sokoni kwa bei ya diski tupu. Walichofanya ni kurudi kukaa chini na kuirekodi albamu upya, kwa siku tatu. Ikatoka mwaka 2021 kwa jina la Abantu / Before Humans. Ya kwanza iliitwa "baada ya maroboti", ya pili "kabla ya binadamu". Wenyewe wamerudi nyuma kwenda mbele.

Albamu hii ya pili ina joto kuliko ya kwanza. Safari hii ni watu kadhaa wanaoimba, kama kwenye msiba au harusi, na tarumbeta ya Tebogo Seitei imechukua nafasi kubwa. Kwenye wimbo wa Harare yumo Morena Leraba wa Lesotho. Kwenye ule unaomtaja Mansa Musa yumo Vieux Farka Touré wa Mali, ambaye naye alikuwa kwenye jukwaa la Orlando mwaka 2010. Sikilizeni ramani hiyo: Soweto, Lesotho, Harare, Mali. Katika jiji ambalo mwaka 2008, 2015 na 2019 Waafrika wageni walifukuzwa na kupigwa mitaani, kutoa albamu ya namna hiyo siyo mzaha. Mimi ambaye nikipanda teksi huwa napunguza sauti nikipigiwa simu kwa Kiswahili, naelewa uzito wake.

Halafu kuna neno moja kwenye kile kichwa kirefu kilichofuata jina la albamu: Azania. Huku Afrika Kusini ni jina la ukombozi, ndilo walilochukua PAC na baadaye AZAPO kuiita nchi wanayoitaka. Lakini mtoto wa pwani unalijua kabla hujaja huku. Wafanyabiashara wa Kigiriki wa karne ya kwanza ndivyo walivyoiita pwani yetu, mpaka kwenye mji wa Rhapta ambao wataalamu wengi wanauweka pwani ya Tanzania. Dar kuna shule ya Azania na kanisa la Azania Front. Na mimi nimekua karibu na Mazimbu, ambako ANC walijenga shule yao, SOMAFCO, enzi za ukimbizi. Leo ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine. Kwa hiyo mtu akiniuliza "unafanya nini nchini kwetu?" namjibu kimoyomoyo: kaka, hata jina mlilotaka kuipa nchi yenu mmeliazima kwetu, na wazee wenu walikula ugali wetu. Kwa mdomo nasema tu, "Nasoma, bhuti."

Sasa nifike kwangu. Nina miaka 30 na niko mwaka wa tano wa shahada ya uzamivu. Utafiti wangu ni wa transfoma: namna mafuta na karatasi zilizomo ndani zinavyochoka kwa joto, na namna ya kujua mapema kabla haijalipuka. Nilikuwa na vifaa vya kupimia nimevifunga kwenye kituo kimoja cha umeme nje ya jiji, na vilikuwa vimekusanya vipimo kwa miezi 14. Usiku mmoja wezi wa nyaya za shaba wakaingia. Shaba ndiyo waliyoifuata, ila hawakuacha kitu. Wakabeba nyaya, wakabeba na kisanduku changu, na kumbukumbu za miezi sita ya mwisho zilikuwa ndani, zinasubiri zamu yangu ya kwenda kuzichukua. Miezi miwili baadaye ufadhili wangu ukafika kikomo.

Nyumbani nina mama mjane na wadogo wawili. Aliyenifuata ameshaoa, ndiye analipa ada ya kitinda mimba, kazi ambayo kwa mila na kwa haki ilikuwa yangu. Mama hanilaumu, na hapo ndipo panaponiuma. Hupiga simu akauliza kwa upole, "Baba, hicho kitabu bado hakijaisha?" Nilikuwa nimeshaandika barua ya kuacha. Nilikuwa na shahada ya uzamili, ningerudi nikatafute kazi kama wenzangu.

Sitawadanganya kwamba muziki ulininyima usingizi nikabadilika usiku huo. Mambo hayaendi hivyo. Ila niliposoma habari za zile siku tatu, nilijiuliza swali la kifundi: inawezekanaje kazi ya muda wote ule irudiwe kwa siku tatu? Jibu ni kwamba wezi walibeba diski, hawakubeba kazi. Nyimbo zilikuwa mikononi. Walishajua wapi ni mafuta na wapi ni povu. Nikafungua daftari langu nikaanza kuhesabu. Katika miezi 14 nilikuwa nimepima vitu 11; vilivyokuwa na maana ni vinne, na nilikuwa najua vipimwe saa ngapi na kwa joto gani. Nikamwendea msimamizi wangu na hesabu hiyo. Tukafunga vifaa ndani ya maabara, tukaipasha moto transfoma ndogo kwa ratiba kali, na miezi mitano ikatosha. Jioni nafundisha hesabu kwa watoto wa sekondari ili nipate kodi. Zimebaki sura mbili.

Lakini tusipambe. Ile miaka 12 iliwagharimu: walimpoteza mwimbaji, na albamu iliyoibwa haijarudi, tunayoisikia ni nyingine. Mimi pia, harusi ya mdogo wangu niliiona kwenye simu. Kuna wenzetu hapa waliochelewa na kuchelewa mpaka wakapotea, hawana digrii na hawana nyumbani. Kuvumilia peke yake siyo sifa. Kabla hujavumilia, piga hesabu: kilichoibwa ni nini, na kilichobaki mkononi ni nini? Kama mkononi hamna kitu, rudi nyumbani na hakuna aibu. Kama kimo, kaa chini uanze tena, na safari hii usipime yasiyo na kazi.

Wenye kutaka kusikiliza, anzeni na Molalatladi, halafu Lakeside, ndipo mvuke kwenda Harare. Tumieni spika nzuri, siyo ya simu. Na wale jamaa wa Jumamosi, nyama nitaleta mimi, ila muziki nachagua mimi.