Jerikani Mbili za Batsinda

Tulihamia mtaa wa Batsinda, Kigali, mwaka 2008, tukiwa miongoni mwa familia zilizoondolewa mtaa wa Kiyovu. Nyumba zilifanana hata mdogo wangu akawa anaingia kwa jirani. Mabomba yakikauka, zamu ya maji ilikuwa yangu: nashuka bondeni na baiskeli ya baba, jerikani mbili za njano za lita 20, moja kila upande wa keria.

Mlima wa kurudi ulikuwa na sheria yake. Mzigo ukilingana, unasukuma tu. Upande mmoja ukipungua, baiskeli inakulalia na usukani unakukatalia.

Jioni moja jerikani ya kulia ikawa nyepesi. Nikasimama, nikamimina maji ya kushoto kulia mpaka zikalingana. Baada ya hatua chache, mambo yakawa yale yale. Nikasawazisha tena. Nilipofika mlangoni zote mbili hazikufika nusu, na nyuma yangu mchirizi wa tope jekundu ulikuwa umenifuata tangu bondeni.

Baba mdogo, fundi wa ndege pale uwanja wa Kanombe, alicheka mpaka akakaa chini. "Mwanangu," alisema kwa Kiswahili cha Tabora alikokulia, "umefanya kama wale wa Azores." Akaokota kipande cha mkaa, akachora ndege sakafuni.

Mafuta hukaa ndani ya mbawa, akaeleza, na kila injini hunywa kutoka upande wake. Kwenye Boeing 737-800, tangi la bawa moja likizidi la pili kwa kilo 453, onyo huwaka. Rubani hufungua vali inayounganisha pande mbili, mafundi huiita krosifidi, kisha huzima pampu za upande uliopungua, ili injini zote zinywe kutoka upande uliojaa. Zikilingana, huwasha pampu na kufunga vali. Ni kazi ya kawaida, alisema, mradi mafuta yawe yameliwa na injini.

Kwa wale wa Azores haikuwa hivyo. Tarehe 24 Agosti 2001, Airbus A330 ya Air Transat ilikuwa ikitoka Toronto kwenda Lisbon na watu 306. Injini ya kulia ilikuwa imebadilishwa siku chache kabla, ikafungwa vipuri visivyoendana. Bomba la mafuta likasuguliwa mpaka likapasuka juu ya Atlantiki. Marubani wakaona mafuta hayalingani, wakafungua krosifidi kwa kukumbuka kichwani. Karatasi ya utaratibu ilikuwa na tahadhari kuhusu uvujaji, lakini hawakuifungua. Mafuta ya kushoto yakaenda kulisha injini ya kulia, yakamwagika kupitia ufa ule ule. Injini zote mbili zikazima. Nahodha Robert Piché na msaidizi wake waliiongoza ndege ikielea bila injini kwa takriban dakika 19 mpaka uwanja wa Lajes, visiwa vya Azores. Hakuna aliyekufa.

"Marubani hodari wale," alisema baba mdogo, "lakini walisawazisha kabla ya kuuliza."

Akageuza jerikani yangu. Chini, pembeni, palikuwa na ufa mwembamba kama unywele. Aliuziba kwa kipande cha sabuni ya kufulia, akanirudisha bondeni giza likiingia.

Mpaka leo, nikiona upande mmoja umepungua, napapasa kwanza chini.