Kulala porini pamoja na mbwa: habari kutoka Texas

Leo hatuwaletei habari za harusi wala za shule. Tunawaletea habari za matembezi yetu ya siku mbili katika hifadhi ya Brazos Bend. Tulikuwa familia tatu, watu 13, watoto saba wakiwemo, na mbwa mmoja. Wengi wenu mliona picha kwenye simu, mkauliza: "Mumekimbia tena? Mbona mumelala kwenye hema? Na huyo mbwa anafanya nini katikati ya watoto?" Maulizo yenu ni ya haki. Tutayajibu moja kwa moja.

Tuanze na hema. Watu wa Marekani wanapenda kutoka mjini Ijumaa mchana, kubeba godoro, sufuria na taa, na kwenda kulala porini kwa kujifurahisha. Wanaita jambo hilo kwa neno lile lile wanaloitumia kwa kambi. Kwetu neno kambi lina uzito mwingine. Kati yetu kuna waliozaliwa Nyarugusu, na kuna waliopitia Nakivale. Tunajua sauti ya mvua juu ya shitingi na tunajua foleni ya maji. Kwa hiyo watoto walipoanza kuomba twende kulala nje kama wenzao wa darasani, sisi wazazi tulinyamaza juma mbili nzima. Koko wa familia moja alisema wazi: "Nililala kwenye shitingi miaka mingi bila kupenda. Sitalala humo tena kwa kulipa." Hatukumlazimisha. Tulipatana kwamba atakuja mchana, akae kwenye kiti, ale pamoja nasi, na jioni mtoto wake mkubwa amrudishe nyumbani. Ikawa hivyo.

Sasa mahali penyewe. Kila jimbo la Marekani lina hifadhi zake, mbali na zile kubwa za taifa nzima. Texas walianza kupanga za kwao mwaka 1923, na leo zinapita 80. Kwa wenye mbwa tofauti hiyo ni ya maana: hifadhi nyingi za taifa zinakataza mbwa kwenye njia za porini, lakini hifadhi nyingi za majimbo zinamruhusu, mradi afuate sheria. Brazos Bend iko kusini magharibi ya Houston, mwendo wa kama saa moja kwa motokari. Ilifunguliwa mwaka 1984. Ukubwa wake ni karibu hekta 2,000: pori, majani marefu, na maziwa madogo, kando ya mto Brazos. Miti mikubwa ya mwaloni imefunikwa na majani ya kijivu yanayoning'inia kama ndevu za wazee. Ndege ni wengi sana, korongo na bata wa kila namna, na watu wanatoka mbali kuja kuwatazama tu.

Kiwanja cha kulala kinakodishwa mbele. Mtu anaweza kuanza kuomba miezi mitano kabla ya siku yake, na viwanja vya siku za mwisho wa juma vinaisha upesi, zaidi wakati wa baridi kidogo. Kiwanja kimoja kinapokea watu 8 tu, ndiyo maana tulichukua viwili vinavyokaribiana. Watoto wa miaka 12 na chini hawalipi kiingilio. Tulikuta meza ya mbao, bomba la maji, umeme, na mahali pa kuwashia moto penye duara la chuma. Vyoo na bafu viko karibu. Tulichagua mwezi wa kumi na moja kwa sababu ya mbwa. Wakati wa kiangazi joto la huku linapita nyuzi 35, lami inaunguza nyayo za mbwa, na akiachwa ndani ya motokari iliyofungwa anaweza kufa kwa muda mfupi.

Mbwa wetu anaitwa Zamu. Watoto ndio waliompa jina, walipomtoa katika nyumba ya mji inayotunza mbwa wasio na mwenyewe. Mwajua kwetu mbwa anafanya kazi gani: analinda parseli, analala nje, anakula kinachobaki, na mtoto akimsogelea anafukuzwa. Huku mbwa anaingia nyumbani, ana karatasi zake, ana daktari wake. Sheria ya Texas inataka mbwa achanjwe kichaa cha mbwa kabla hajafikisha wiki 16 tangu kuzaliwa. Safarini tulibeba karatasi ya chanjo ndani ya mfuko mmoja na karatasi za watoto. Tulihakikisha pia amekunywa dawa ya minyoo ya moyo, kwa sababu minyoo hiyo inaletwa na mbu, na Brazos Bend ni nchi ya maji na mbu.

Sheria za hifadhi kuhusu mbwa ni chache, lakini ni kali. Mbwa afungwe kamba isiyopita futi 6, ndiyo kusema mita moja na sentimita 80 hivi. Asiachwe peke yake, si kwenye kiwanja, si ndani ya motokari. Asiingie ndani ya majengo. Mavi yake yaokotwe na kutupwa kwenye pipa. Asisumbue majirani kwa kubweka, na kuanzia saa 4 usiku mpaka saa 12 asubuhi kila mtu, mbwa na watoto pamoja, anyamaze.

Hiyo ya kutoachwa peke yake ndiyo iliyotufundisha maana ya jina lake. Zamu alipaswa kutulinda, lakini sisi ndio tuliomlinda kwa zamu. Mama mmoja akienda bafu, mwingine anashika kamba. Baba akienda na watoto kwenye jumba la darubini ambamo mbwa haruhusiwi, mwingine anabaki. Tuliandika orodha kwenye karatasi na kuibandika kwenye meza. Kijana wa miaka 14 alinung'unika kwamba ni kazi kuliko ya nyumbani. Tulimjibu kwamba kiumbe uliyemleta mahali asipopajua ni mzigo wako mpaka umrudishe salama.

Na kwa nini kamba iwe fupi hivyo? Jibu liko majini. Brazos Bend inajulikana kwa mamba wake. Bamama wa Uvira hawahitaji kufundishwa habari za mamba, wanajua wale wa Ruzizi. Mamba wa huku si yule yule: pua yake ni pana na butu, na kwa kawaida si mkali kwa watu kama wa kwetu. Lakini mbwa ana ukubwa wa chakula chake. Walinzi wa hifadhi wanasema: kaa mbali mita 9 au zaidi, usimpe mamba chakula kamwe, maana ni kosa mbele ya sheria, na usimwache mbwa aguse maji. Mamba aliyezoea kulishwa anapoteza woga wa watu, na mwisho wake huwa ni kuuawa. Wakati wa kiangazi mama mamba anatengeneza kiota cha majani, anakilinda, na vitoto vikitoka anaendelea kuvichunga. Hapo hataki mtu wala mbwa karibu.

Siku ya kwanza, saa 10 ya mchana, tulikuwa tukizunguka ziwa linaloitwa Elm Lake. Njia imeinuka kidogo na maji yako kando. Zamu alikuwa na kiu. Alivuta kwa nguvu kuelekea ukingoni, na mtoto wa kike wa miaka 11 aliyeshika kamba aliizungusha mkononi na kukaa chini, mzima mzima, kama tulivyomwonyesha. Mbwa alisimama hatua tatu kutoka kwenye maji. Ndipo tukaona kile tulichodhani ni gogo: macho mawili na pua, bila kutikisika. Hakuna aliyepiga kelele. Tulirudi nyuma taratibu, tukampa Zamu maji ya bidoni kwenye bakuli. Kamba ya mita tano ingetosha kumfikisha kwenye yale macho. Tangu saa ile hakuna mtoto aliyeuliza tena kwa nini sheria inasema futi 6.

Jioni tulipika. Bugali tulisonga juu ya moto, samaki tulichoma kwenye makala, na sombe tulikuja nayo imeiva kutoka nyumbani. Hapa kuna neno kwa wote wenye mbwa: sombe yetu ina kitunguu na kitunguu saumu, na vyote viwili ni sumu kwa mbwa, hata vikipikwa. Chokoleti na zabibu vilevile. Mifupa iliyopikwa inavunjika vipande vyenye ncha na kumchoma tumboni. Zamu alikula chakula chake mwenyewe. Baada ya kula tulifunga kila kitu ndani ya motokari, kwa sababu usiku wanakuja rakuni, wanyama wadogo wenye uso kama umepakwa masizi, na mikono yao inafungua mifuniko kama ya mtoto mtundu.

Koko alikuwa bado hajaondoka. Alikaa karibu na moto, miguu juu ya mkeka. Aliomba kamba ya mbwa ifupishwe zaidi, tukaifupisha. Baada ya muda akauliza: "Hapa nani anahesabu watu?" Tulimwambia hakuna anayehesabu. "Na kesho tukitaka kuondoka?" Tunaondoka tu. Akatikisa kichwa, akasema: "Basi hii si kambi. Hii ni matembezi." Akaingia motokari akaenda kulala kitandani mwake. Sisi tulicheka, lakini tulishika neno lake. Tofauti haikuwa kwenye hema. Ilikuwa katika kuwa na mlango unaoweza kuufungua mwenyewe.

Kati ya watoto wetu mmoja, mvulana wa miaka 9, aliumwa na mbwa alipokuwa mdogo, kabla ya kufika huku. Alama iko mguuni. Kwa miezi mingi hakukaa chumba kimoja na Zamu. Tulimwambia anaweza kulala hema ambayo mbwa hayumo, na hakuna atakayemcheka. Usiku, karibu saa 8, kitu kilikwaruza kwenye meza. Zamu alinguruma mara moja, mama mwenye zamu akamshika, akanyamaza. Kutoka hema ya pili tulisikia yule mvulana akimwambia mdogo wake: "Lala. Ni rakuni. Zamu amekwisha mwona." Asubuhi bado hakumgusa mbwa, na hatukumwomba amguse. Lakini alibeba bakuli la maji, akaliweka chini, akarudi nyuma, akasimama kumtazama akinywa.

Tunawaandikia haya si ili muone kwamba huku mbwa ni mtu. Tunaandika kwa sababu woga wa watoto wetu kwa mbwa una sababu ya kweli, na dawa yake si kuwaambia wasiogope. Duniani, karibu watu wote wanaokufa kwa kichaa cha mbwa, 99 kwa 100, wanakipata kwa mbwa, na kati ya wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa nacho, karibu 40 kwa 100 ni watoto chini ya miaka 15. Dalili zikishaonekana, karibu hakuna anayepona. Lakini kabla ya dalili, mtu anaokoka. Mtoto akiumwa au kukwaruzwa, osha kidonda mara hiyo kwa maji mengi na sabuni, dakika 15 nzima, kisha mpeleke hospitali siku ile ile akachanjwe. Usingoje kuona kama mbwa ataugua. Usipake mafuta wala majani.

Na mwenye mbwa kwenye parseli, amfanyie mambo ambayo hayahitaji utajiri wa Marekani: amchanje kila mara wahudumu wa mifugo wanapopita au kwenye ofisi yao, amfunge kamba anapotoka, na amwekee maji. Watoto wafundishwe wasimguse mbwa anayekula, anayelala, au anayenyonyesha, wasikimbie mbele yake, na waombe ruhusa ya mwenyewe kwanza. Hata huku Texas, kwenye njia zile za porini, watu wenye adabu wanauliza kwanza: "Mbwa wako anapenda watoto?" Wakiambiwa hapana, wanapita mbali na kusema asante.

Mwezi wa tatu, Mungu akipenda, tutaenda tena, kabla joto halijaanza. Koko amesema atakuja tena mchana. Ameuliza pia kama kile kiti chake kinaweza kuwekwa upande wa kivuli, na kama kamba ya Zamu itakuwa ile ile fupi. Tumemhakikishia yote mawili.